Upele Umemwota Asiye na Kucha: Ndoto za Bwana Sherman

Utangulizi

Ndugu msomaji, makala haya yamezaliwa na ugomvi. Tulikuwa kama kumi hivi katika ukumbi wa chini wa bweni letu, wasichana kwa wavulana, tukitazama filamu ya zamani ya Kimarekani iitwayo The Seven Year Itch. Ilipokwisha, kijana mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja hakucheka. Alisimama akauliza swali moja tu: "Hivi yule dada anaitwa nani?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Tukarudi kutafuta katika orodha ya wachezaji, na kumbe pale ameandikwa "Msichana", basi. Mama ana jina, mtoto ana jina, mtunza jengo ana jina, hata muuguzi anayepita sekunde chache ndotoni ana jina. Anayeonekana kuliko wanawake wote hana.

Tukazozana mpaka mlinzi akatutoa. Upande mmoja ulisema hii ni futuhi ya mapenzi, si ya kupasulia kichwa. Upande wa pili ulisema ni filamu ya wanaume wa makamo kujipongeza kwa tamaa zao. Siku ile nilikuwa upande wa pili. Baadaye nimeitazama tena mara mbili, peke yangu, na sasa sipo kwa hawa wala kwa wale. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba filamu hii, tukiichunguza fani na maudhui yake kwa makini, haihusu tamaa ya mwili hasa. Inahusu mtu aliyefika umri wa makamo akaona hakuna tena anayemwona, hata mkewe. Akaanza kuota, na ndoto zenyewe zikamfanya naye asiwaone wengine. Jina la msichana limepotelea humo.

Kisa kwa ufupi

Filamu ilitoka mwaka 1955, mwongozaji akiwa Billy Wilder. Imetokana na tamthilia ya George Axelrod iliyoanza kuonyeshwa Broadway, New York, mwaka 1952 na kuchezwa zaidi ya mara 1,000. Axelrod na Wilder waliandika mswada wa filamu pamoja. Tom Ewell, aliyekuwa mhusika mkuu jukwaani, ndiye pia anayecheza kama Richard Sherman kwenye filamu. Msichana ni Marilyn Monroe.

Jina la filamu naweza kulifasiri kuwa "Mwasho wa Mwaka wa Saba". Zamani usemi huo wa Kiingereza ulitumika kwa upele wa ngozi usiopona haraka. Tamthilia na filamu ndizo zilizoueneza katika maana nyingine: mume kuanza kuwashwa-washwa ndoa ikifika mwaka wa saba. Msomaji ushike neno hilo upele, tutalihitaji mbele.

Basi, ni majira ya joto Manhattan. Filamu inaanza kwa mzaha kwamba hata wenyeji wa kale wa kisiwa hicho walikuwa wakiwapeleka wake na watoto sehemu za baridi, wanaume wakabaki nyuma eti kwa kazi, kisha jicho likaanza kutembea. (Mzaha huo unawafanya wenyeji hao vikaragosi, na leo unachoma, tusijifanye hatukuuona.) Halafu tunamwona Sherman kituo cha treni akimsindikiza mkewe Helen na mtoto wao Ricky wanaokwenda Maine. Mtoto anasahau kafi la mtumbwi wake. Sherman anabaki na kafi, na nyumba tupu, na amri za daktari: asivute sigara, asinywe pombe. Anazifungia sigara kabatini. Anakwenda kula kwenye mkahawa wa wasiokula nyama. Mtu mwema kabisa.

Usiku huohuo mlango wa jengo unagongwa. Ni msichana aliyepanga nyumba ya ghorofa ya juu kwa msimu wa joto. Baada ya muda mche wa nyanya unaanguka toka barazani kwake na kukosa kidogo kumpasua Sherman kichwa. Hasira inageuka kuwa tabasamu, tabasamu linageuka kuwa mwaliko, na mwaliko ndio hadithi yenyewe.

Sherman anaota nini hasa?

Hapa ndipo wengi tunapopita haraka. Tunasema "anaota wanawake", tunafunga daftari. Lakini hebu tuitazame ndoto yake ya kwanza ya mchana. Sherman amekaa kwenye kiti barazani, na mkewe Helen anatokea pembeni yake kama mzuka, maana kwa hakika yuko safarini. Sherman anaanza kumsimulia jinsi wanawake wanavyomtaka. Katibu wake alimrukia ofisini. Muuguzi wa usiku alimvamia hospitalini. Rafiki wa Helen alimtaka ufukweni mwa bahari, mawimbi yakiwapiga. Tukio hili ni mzaha wa wazi juu ya filamu ya From Here to Eternity ya mwaka 1953, ambayo watazamaji wa wakati ule waliikumbuka vizuri. Kila mara Sherman ndiye anayekataa. Ni mwaminifu kama sanamu ya mtakatifu.

Na Helen anafanyaje? Anacheka. Anamwambia kwamba siku hizi mawazo yake yamezidi ukubwa, yamekuwa kama sinema ya skrini pana yenye sauti za pande zote. Ni utani wa filamu juu yake yenyewe, kwa sababu nayo imepigwa kwa skrini hiyohiyo pana.

Msomaji, tusimame hapo kidogo. Ndoto ni ya nani? Ni ya Sherman. Helen huyu ni wa nani? Ni wa Sherman pia, yeye ndiye aliyemtunga kichwani. Sasa mtu anayetunga ndoto yake mwenyewe, si angeweza kumfanya mkewe aamini? Angeweza kumfanya alie, apige magoti, aombe radhi. Hawezi. Hata ndani ya kichwa chake mwenyewe hapati mtu wa kumwamini. Kinaya hicho ndicho msingi wa filamu nzima. Ukimlinganisha na Walter Mitty, mwota ndoto wa hadithi fupi ya James Thurber ya mwaka 1939, utaona tofauti. Mitty akiota anakuwa shujaa, na wote waliomo ndotoni wanamstahi. Sherman akiota anakuwa mshtakiwa asiyeaminika. Hata kosa alilojisingizia halimfai.

Kwa hiyo hamu yake ni nini? Kwa maoni yangu, anataka Helen aone wivu, maana wivu ni ushahidi kwamba bado una thamani ya kuibiwa. Mtu wa karibu miaka arobaini, mwenye kazi ya kila siku ileile, mke anayempigia simu kuuliza habari ya kafi, anajiuliza: hivi nikipotea leo, kuna atakayeshtuka?

Ndoto ya pili inathibitisha hayo kwa njia nyingine. Sherman amepanga kumtongoza msichana kwa kinanda. Anajiona amevaa joho la kifahari, anapiga Rachmaninoff, na msichana amevaa gauni la milia ya chui anatetemeka kwa mapenzi. Kisha msichana wa kweli anafika. Anasikia muziki huo kwenye santuri na kusema huu lazima uwe muziki wa kitaaluma, kwa sababu hauna mwimbaji. Wanaishia kupiga pamoja kale kawimbo ka vidole viwili ambako kila mtoto wa Kizungu anakajua, na msichana anafurahi kwelikweli. Hapo Sherman, badala ya kufurahi naye, anakumbuka ndoto, anamrukia, na wote wawili wanadondoka chini kutoka kwenye benchi la kinanda.

Angalia ufundi wa tukio hilo. Furaha ilikuwapo tayari, mkononi, bure. Ndoto ndiyo iliyoiharibu. Na baada ya kumfukuza kwa adabu, Sherman anaanza kuota vibaya: msichana anamsimulia fundi bomba, kisha anatangaza kwenye televisheni kwamba bwana huyu ni jambazi wa mapenzi, na Helen huko Maine anamwona. Pia anamwota Helen akija na bastola. Tena anamwota Helen mwenyewe akila raha na jirani yao wa mapumziko, Tom MacKenzie, juu ya gari la nyasi kavu. Tom wa kweli anapofika nyumbani kuchukua lile kafi, anakula ngumi akaanguka. Maskini Tom anapigwa kwa kosa alilolitenda katika ndoto ya mtu mwingine!

Upele na kucha

Waswahili wanasema upele humwota asiye na kucha. Sherman ana upele. Kucha zake zilikatwa na nani?

Jibu la kwanza ni la kihistoria. Tangu mwaka 1934 filamu za Hollywood zilikuwa zikikaguliwa kwa mujibu wa kanuni za maadili zilizowekwa na tasnia yenyewe, na mfumo huo ulidumu hadi mwaka 1968. Kanuni zilidai uzinzi usihalalishwe wala usionyeshwe kwa namna ya kuvutia. Katika tamthilia ya Axelrod, Sherman na msichana wanalala pamoja kweli. Katika filamu hawalali. Wanabusiana, basi. Wilder mwenyewe baadaye hakuficha kwamba vizuizi hivyo vilimkera na kwamba aliona filamu imeharibika. Wahakiki wengi wamemfuata: wanasema ni filamu juu ya uzinzi isiyo na uzinzi, ni kama chai isiyo na majani.

Mimi nathubutu kupinga, ingawa ni mwanafunzi tu na Wilder ni Wilder. Tuseme tendo lingekuwapo. Sherman angekuwa mume mwingine aliyemkosea mkewe, na swali letu lingekuwa: atagunduliwa au hatagunduliwa? Hadithi za namna hiyo zimejaa tele. Lakini kwa kuwa tendo limeondolewa, yote yaliyobaki ni ndoto, hofu, aibu na maelezo marefu yasiyoombwa na mtu. Anateseka kama mkosaji bila kuonja kosa. Na hapo ndipo tunapogundua kwamba tendo halikuwa dawa. Mtu mwenye njaa ya kuonekana hashibi kwa kulala na mtu ambaye yeye mwenyewe hajamwona. Wakaguzi walidhani wanalinda ndoa. Bila kukusudia, walimlazimisha mtunzi achimbe chini zaidi ya kitanda.

Sisemi udhibiti ni mwema. Sanaa kukatwa na mkasi wa ofisini ni jambo baya, na kuna kazi nyingi zilizokufa hivyo. Nasema tu kwamba katika kazi hii jeraha limefunika jambo la kweli, na mhakiki asilitupe kwa sababu ya hasira juu ya mkasi.

Jalada la kitabu

Jibu la pili kuhusu kucha limo katika kazi ya Sherman, nami nashangaa jinsi linavyosahaulika. Bwana huyu anafanya kazi katika kampuni inayochapa vitabu vya bei rahisi, senti 25 kimoja. Kazi yake ni kuchukua vitabu vya zamani na kuvivika majalada ya kuuzia. Tunamwona akishughulikia Little Women ya Louisa May Alcott, riwaya ya mwaka 1868 kuhusu dada wanne na mama yao, kitabu ambacho unaweza kumpa mdogo wako wa darasa la saba bila wasiwasi. Sherman anaamuru wasichana wa jaladani washushwe shingo za magauni, na kichwa cha habari kiahidi siri za bweni la wasichana!

Tulipofika hapo, ukumbi wetu ulilipuka. Sisi wakazi wa bweni la wasichana tunazijua siri zenyewe: foleni ya maji, pasi moja watu ishirini, na nani kala maandazi ya nani. Lakini mzaha huu ni mzito kuliko unavyoonekana. Mtu ambaye mchana kutwa anaweka majalada ya tamaa juu ya vitabu visivyo na tamaa, akirudi nyumbani jioni atamsomaje mtu? Atamsoma kwa jalada. Msichana wa juu anakuja na habari zake: ametoka Colorado, anatangaza dawa ya meno kwenye televisheni, joto linamtesa mpaka anaweka nguo zake za ndani kwenye friji, anapenda kiyoyozi cha Sherman kuliko anavyompenda Sherman. Anasema wazi kwamba mwanamume mwenye mke ni salama, kwa sababu hatamwomba uchumba. Yote hayo ni kurasa za ndani. Sherman hasomi. Kichwani mwake jalada limekwisha kuchorwa.

Kwa hiyo nilimjibu mwenzangu wa chumbani: msichana hana jina kwa sababu tunamwona kwa macho ya Sherman, na Sherman hakuuliza. Tom anapouliza ni nani yule mwenye nywele za dhahabu jikoni, Sherman anajibu kwa kejeli kwamba labda ni Marilyn Monroe. Watu hucheka. Lakini lisikilize jibu hilo vizuri: mwanamke aliye hatua chache kutoka alipo, aliyelala nyumbani kwake jana, hana jina la kumtaja ila la nyota wa sinema.

Mwenzangu hakuridhika, na alikuwa na haki. Alisema: "Sawa, Sherman ni kipofu. Na kampuni ya filamu je?" Hapo sikuwa na utetezi. Picha inayojulikana ulimwengu mzima, ya Monroe amesimama juu ya tundu la hewa la treni ya chini ya ardhi na gauni jeupe linapepea, msomaji umewahi kuiona hata kama hujawahi kuiona filamu. Kwa hakika ndani ya filamu tukio hilo ni fupi, tena limekatwa vipandevipande: mara miguu, mara uso. Picha nzima ile ni ya matangazo. Septemba 1954 kampuni ilipiga tukio hilo usiku katika barabara ya Lexington, umati wa watu na wapiga picha wakiwa wamealikwa kushangilia. Kisha likapigwa tena studio. Mume wa Monroe, mchezaji wa besiboli Joe DiMaggio, alikuwapo na alikasirika sana. Mwezi uliofuata Monroe alikuwa mahakamani akidai talaka. Filamu ilipozinduliwa tarehe 1 Juni 1955, siku Monroe anatimiza miaka 29, picha kubwa mno yenye gauni hilo ilisimamishwa mbele ya jumba la sinema. Mwaka 2011 gauni lenyewe liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4.

Unaona kilichotokea? Filamu inamcheka mtu anayevika vitabu majalada ya tamaa, halafu wenye filamu wakaivika jalada hilohilo. Na jalada limekula kitabu. Leo watu wanaijua picha ya gauni. Maneno ya huyo aliyelivaa wachache wanayajua.

Maneno ya msichana

Nami nataka kumalizia kwa maneno hayo, kwa sababu ndiyo kilele cha kazi yote. Karibu na mwisho Sherman anajikatia tamaa waziwazi. Anasema msichana mzuri hawezi kumtaka mtu kama yeye, wasichana wanawataka akina Gregory Peck. Kwa mara ya kwanza hajisifu, haoti. Msichana anakasirika. Anamwambia kwamba wanaume wanadhani wanajua wasichana wanataka nini. Anamwelezea karamu: yupo bwana mmoja amevaa kizibao cha kifahari, anajitembeza kama chui, anaamini hakuna wa kumkataa. Msichana hamtaki huyo. Lakini pembeni kabisa yupo mwingine, mwoga kidogo, jasho linamtoka, ni mpole na ana wasiwasi. Ukimtazama mara ya pili unajua huyu atakutendea kwa upole, na huyo ndiye anayesisimua moyo. Kisha anasema kwamba kama angekuwa mke wa Sherman, angeona wivu sana.

Ndilo neno alilolitafuta katika ndoto zote! Alimtunga Helen mzima kichwani asiweze kumlazimisha kulisema. Linasemwa na mtu wa nje, bure, na limetoka kwa yule aliyemdhania kuwa hana cha kusema. Anayesomwa kwa jalada ndiye aliyekuwa msomaji bora kuliko wote.

Sherman anapona papo hapo. Anachukua kafi, anakimbilia Maine bila viatu, msichana anamrushia viatu dirishani. Kafi hilo limekuwa ishara tangu mwanzo: mtoto yuko huko kwenye maji na mtumbwi, baba yuko mjini na kafi, kila mmoja hawezi kwenda bila mwenzake.

Hitimisho

Naikubali filamu hii kwa shingo upande. Imetuonyesha kwamba kukimbilia ndotoni umri ukipinda si dhambi ya kuchekwa tu. Ni kilio cha mtu anayetaka kuthibitishiwa kwamba bado yupo. Imetuonyesha pia bei ya ndoto hizo, na bei hiyo hulipwa na aliye karibu. Lakini imeshindwa jambo moja dogo: Sherman anaondoka amepona, anarudi nyumbani kwa mkewe, na hata sekunde ile ya mwisho, viatu vikidondoka toka juu, hamwulizi aliyemponya anaitwa nani.

Mwenzangu wa chumbani amesoma makala haya kabla hamjayasoma ninyi. Amesema nimeitetea mno. Yule kijana wa mwaka wa tatu amesema nimeiharibia kicheko chake. Uwanja uko wazi.